Mkulima ni nani? Sarufi katika usanifu wa kanzidata

UKIMUULIZA mtu wa Turbo, “Shamba lako ni ekari ngapi?” atakupa jibu la tarakimu moja. Tarakimu hiyo, hata hivyo, yaweza kubeba maana nne. Huenda ni shamba ambalo hatimiliki yake ina jina lake. Huenda ni kipande alichokatiwa na babake bila karatasi yoyote. Huenda ni ardhi ya marehemu mumewe ambayo kesi ya urithi haijawahi kufunguliwa. Au ni ekari mbili alizomlipia jirani ili azilime msimu huu pekee. Zote nne, kwa Kiswahili chetu, ni “shamba langu”.

Tunapozungumza, jambo hili halitusumbui. Muktadha hutuongoza, na palipo na utata tunauliza tena. Kompyuta haina muktadha ila ule iliopewa na mtu aliyeipangia data. Asipokitenganisha kitu kwenye mpango wake, kompyuta haitakitenganisha kamwe, hata ikinunuliwa ya bei gani.

Katika makala haya ninanuia kuonyesha kwamba usanifu wa data, kazi ambayo wengi hudhani ni ya wataalamu wa kompyuta peke yao, kwa kiasi kikubwa ni kazi ya semantiki na sarufi. Aidha, nitaonyesha kwamba Kiswahili kina nyenzo za kuifanya kazi hiyo vyema, mradi tuzitumie kabla ya fomu kuchapishwa.

Kwa nini suala hili ni zito? Tangu 2023 serikali imekuwa ikiwasajili wakulima kupitia kwa machifu na manaibu wao ili wapate mbolea ya bei nafuu. Mfuko wa kilo 50 uliteremshwa hadi Sh3,500 mwaka wa 2022, kisha hadi Sh2,500 mwaka uliofuata. Mkulima hupokea ujumbe kwenye simu, naye huenda kuchukua mbolea yake. Katika eneo la mahindi kama Uasin Gishu, mtu ambaye sajili haimtambui hulazimika kununua kwa bei ya duka. Hapo, fasili ya neno “mkulima” hugeuka kuwa suala la chakula na karo.

Kanzidata na majedwali yake

Tuanze na istilahi. Mkusanyiko wa data uliopangwa ili kompyuta iweze kuutafuta na kuusasisha huitwa hifadhidata au kanzidata. Neno la pili, linalotumika sana Tanzania, lina “kanzi” ndani yake, yaani hazina, na asili yake ni Kiarabu. Nalipenda kwa sababu linatukumbusha kuwa kilichohifadhiwa kina thamani kwa mwenyewe.

Kanzidata nyingi tunazokutana nazo kila siku, za benki, za shule au za hospitali, zimejengwa kwa majedwali. Msingi wake uliwekwa na Edgar F. Codd, mwanahisabati Mwingereza aliyefanya kazi katika kampuni ya IBM nchini Marekani, katika makala aliyoichapisha mwaka wa 1970. Kila jedwali huhusu aina moja ya kitu. Kila mstari wa mlalo ni kitu kimoja cha aina hiyo, na kila safu ya wima ni sifa yake moja. Majedwali huunganishwa kwa ufunguo, yaani alama inayokitambulisha kitu kimoja bila kukichanganya na kingine.

Usanifu wa data basi ni kuamua mambo matatu kabla ya kuandika lolote: kuna vitu gani, vina sifa gani, na vinahusianaje.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Mwaka wa 1976, Peter Chen alipendekeza njia ya kuchora vitu na mahusiano yake kabla ya kuyaunda majedwali. Mwaka wa 1983 alichapisha makala nyingine akilinganisha michoro hiyo na muundo wa sentensi ya Kiingereza. Kwa jumla, alisema, nomino ya kawaida huwa aina ya kitu. Kitenzi elekezi huwa uhusiano. Kivumishi huwa sifa ya kitu, nacho kielezi huwa sifa ya uhusiano.

Tuijaribu kanuni hiyo kwa sentensi yetu: “Mkulima analima shamba kubwa msimu huu.” Mkulima na shamba ni vitu viwili, kwa hivyo tuna majedwali mawili. “Kubwa” ni sifa ya shamba. “Analima” ni uhusiano baina ya mkulima na shamba. “Msimu huu” si sifa ya mkulima wala ya shamba, bali ni sifa ya ule ulimaji. Ajabu ni kwamba sajili nyingi huanza kukosea katika neno hilo la mwisho.

Neno dogo lenye mzigo mkubwa

Nimekuwa nikikisaidia kikundi kimoja cha wakulima hapa Turbo kuipanga upya sajili yake. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Kazi ya kompyuta iko mikononi mwa kijana mmoja aliyehitimu majuzi. Kikundi hununua mbegu na mbolea kwa pamoja, kisha hugawa kulingana na ekari. Sajili ya awali ilikuwa na jedwali moja tu: jina, nambari ya simu, kijiji, ekari.

Tulipoisoma mstari baada ya mstari, tuligundua kuwa ekari mbili zile zile zimeandikwa mara mbili. Mzee mmoja alikuwa amezitaja kwa sababu ni zake. Mwanamume mwingine alikuwa amezitaja kwa sababu ndiye anayezilima. Hakuna aliyesema uongo. Mzee alieleza hivi: “Mwalimu, shamba ni yangu. Huyo kijana analima tu.” Naye kijana: “Mahindi ni yangu, mzee mwenyewe anajua.” Fomu iliwauliza wote wawili swali moja, “ukubwa wa shamba lako”, na kila mmoja akalijibu kwa haki. Mbolea ikaagizwa ya ekari nne.

Chanzo cha tatizo ni a-unganifu pamoja na vivumishi vimilikishi vinavyotokana nayo. “Shamba la Kiprono” yaweza kumaanisha shamba analomiliki Kiprono, analolima, alilozaliwa, au analosimamia kwa niaba ya mtu aliye ng’ambo. Hata katika “shule ya Turbo” na “chai ya maziwa” hakuna umiliki wowote. A-unganifu hutuambia kuwa vitu viwili vinahusiana, na hainyoshi kidole kutuambia uhusiano huo ni upi. Msanifu wa data akiuandika uhusiano kwa a-unganifu peke yake, atakuwa bado hajasema kitu.

Dawa imo katika Kiswahili chenyewe. Nomino “mkulima” imetokana na kitenzi “kulima”, na haina umiliki ndani yake. Kwa anayemiliki tuna “mmiliki” au “mwenye shamba”. Lugha ilikwisha kuwatenganisha watu hawa wawili, lakini fomu ikawaunganisha tena. Kwa hivyo tuliondoa “lako” kwenye fomu, na mahali pake tukaweka maswali yenye vitenzi: Unalima kipande kipi? Nani anakimiliki? Nani alikuruhusu kukilima?

Kisha tulihitaji mahali pa kuweka majibu. Mtu mmoja anaweza kulima vipande vitatu, na kipande kimoja kinaweza kulimwa na ndugu wawili. Uhusiano wa namna hii hauwezi kukaa kwenye jedwali la watu wala la vipande. Ni lazima upewe jedwali lake. Yule kijana aliponiuliza, “Mwalimu, hili tuliite nani?” jibu lilikuwa la kisarufi: chukua kitenzi, ukinominishe. Lima hutupa “ulimaji”, miliki hutupa “umiliki”. Unominishaji tunaowafundisha wanafunzi ndio huo huo anaoufanya msanifu anapougeuza uhusiano kuwa jedwali.

Kukodi, kukodisha, kukomboa

Haitoshi kupata kitenzi, kwani kitenzi nacho kina kauli. Katika Kiswahili sanifu, anayelipa ili alitumie shamba anakodi, na anayelitoa ili alipwe anakodisha. Kiambishi cha kauli ya kutendesha ndicho kinachotuonyesha pesa zinaelekea wapi. Katika mazungumzo ya huku kwetu, tofauti hiyo imefifia. Mtu atakwambia “nimekodisha ekari tatu huko Ngenyilel”, na usipomuuliza zaidi hutajua kama amelipa au amelipwa. Wengine, hasa tukielekea upande wa Lugari, husema “nimekomboa shamba”, ilhali katika kamusi kukomboa ni kuokoa au kurudisha kilichowekwa rehani.

Sisemi kwamba wazungumzaji wanakosea. Wanaelewana vizuri sana. Ninachosema ni kuwa fomu haina budi kumtambua mzungumzaji aliyepo, si yule wa kwenye kamusi. Fomu iliyoandika “Je, umekodisha shamba?” ikiwa na visanduku vya ndiyo na la, itakusanya majibu yaliyo kinyume na kuyaweka katika safu moja. Baada ya hapo hakuna programu itakayoweza kuyatenganisha. Tuliandika: “Je, ulilipa ili ulime kipande hiki?” Ni sentensi ndefu kidogo, lakini haina njia mbili.

Tukirudi kwa “msimu huu” wa sentensi yetu, kiambishi cha wakati nacho kina lake la kusema. Analima, alilima, atalima na hulima ni kauli nne tofauti kuhusu mtu na kipande kile kile. Ardhi ya kukodi hapa mara nyingi hutolewa kwa msimu mmoja, upanzi ukianza mvua za Machi na Aprili. Sajili isiyo na tarehe ya kuanza na ya kumaliza huchukulia kila “analima” kuwa “hulima”. Aliyelima kipande miaka mitatu iliyopita ataendelea kuhesabiwa, naye aliyekichukua mwaka huu hataonekana. Ndiyo maana jedwali letu la Ulimaji lina safu ya msimu, na kila msimu mpya hupewa mstari mpya badala ya kuufuta wa zamani. Kwa njia hiyo kikundi kinaweza kujibu swali la leo na pia la mwaka juzi.

Jina si ufunguo

Baada ya shamba tuje kwa mtu. Fomu nyingi zina visanduku vitatu: jina la kwanza, la kati na la ukoo. Visanduku hivi huchukulia kuwa jina la mwisho ni la familia nzima na halibadiliki. Dhana hiyo haitoshei Turbo, mahali ambapo Wakalenjin, Waluhya, Wakikuyu na wengineo wanaishi pamoja.

Katika mila ya Wakalenjin, mtoto huitwa kwa wakati au hali ya kuzaliwa. Aliyezaliwa mchana ni Kibet akiwa mvulana, Chebet akiwa msichana. Kwa Wabukusu, wa msimu wa mvua ni Wafula au Nafula. Ndugu wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina ya mwisho tofauti, na watu wasio na nasaba yoyote wakawa na jina moja. Isitoshe, mwanamume wa Kikalenjin kwa desturi hupata jina la “arap” baada ya jando, yaani mwana wa fulani. Kuna wazee ambao kijijini wanajulikana kwa jina hilo peke yake, ilhali kitambulisho kina jingine.

Kuna pia suala la tahajia. Lugha za Kikalenjin hazitofautishi maana kwa kupambanua p na b, wala ch na j, kama Kiswahili kinavyofanya. Chepkoech na Jepkoech ni jina moja lililoandikwa na makarani wawili. Tapsagoi na Tabsagoi vilevile. Kompyuta huona herufi tu, na kwake hao ni watu wawili, na hizo ni kata mbili. Kwa upande wa mahali, tiba ni rahisi: orodha ya kata na vijiji iandikwe mara moja katika jedwali lake, na karani achague badala ya kuandika upya. Kanuni ya jumla ni kwamba ukweli mmoja ukae mahali pamoja. Ukiandikwa mara mia, utatofautiana na wenyewe.

Kwa upande wa watu, jina haliwezi kuwa ufunguo. Ufunguo mzuri una sifa tatu: haurudiwi, haubadiliki, na kila mhusika anao. Wengi hukimbilia nambari ya simu. Je, inazo sifa hizo? Mama mmoja kikundini hana simu yake. Ujumbe wake hupitia kwa mumewe, dereva wa malori ambaye wiki nyingi yuko Mombasa. Simu ilipokuwa ufunguo, mke na mume walikuwa mstari mmoja, na mstari huo ulikuwa na jina la mume. “Mimi ndio nalima, lakini kwa kitabu sipo,” alisema. Hakuna aliyekusudia kumfuta. Alifutwa na uamuzi wa msanifu, uliodhani kila mtu ana simu na kila simu ina mtu mmoja.

Nambari ya kitambulisho ni bora zaidi, ila hutolewa kwa aliyefika miaka 18, na kuna yatima wa miaka 16 wanaolima ardhi ya wazazi wao. Tuliamua kikundi kitoe nambari yake cha uanachama. Kitambulisho na simu vikabaki kuwa sifa, ambazo mtu anaweza kuwa nazo, kuzikosa au kuzibadilisha.

Ukimya wa aina tatu

Kisanduku kisichojazwa nacho kina semantiki yake. Tuseme safu ya “hatimiliki” iko tupu. Je, mtu hana hatimiliki? Hajui kama ipo? Au hakuulizwa? Kiswahili kina “hana”, “hajui” na “hakusema”, na hakuna mzungumzaji anayezichanganya. Jedwali lenye nafasi tupu huzichanganya zote tatu. Codd mwenyewe baadaye alipendekeza kutofautisha data inayokosekana ingawa ipo na data inayokosekana kwa sababu haimhusu mtu huyo. Anayehesabu nafasi tupu kuwa “hana” anaweza kuandika ripoti kwamba nusu ya kijiji haina hatimiliki, kumbe karani alichoka akaruka swali.

Vipimo navyo vina mitego. “Gunia” la mahindi kwa desturi ni kilo 90, mfuko wa mbolea ni kilo 50, na sokoni kuna debe na gorogoro. Mtu akiandika “20” bila kipimo, ameandika nusu ya habari. Kiasi na kipimo vikae katika safu mbili. Nambari ya simu, kwa upande wake, si kiasi ingawa ina tarakimu. Hakuna anayeijumlisha. Ihifadhiwe kama maandishi, la sivyo kompyuta itaondoa sifuri ya mbele, na ujumbe hautafika.

Jambo la mwisho ni mpaka. Turbo iko karibu na kaunti ya Kakamega, na kuna watu wanaolala Lugari na kulima Turbo. Sajili yenye safu moja ya “kaunti” kwa kila mtu itamweka upande mmoja. Tukiuliza “kaunti ya nini?” tutaona kuwa a-unganifu imetuhadaa tena. Kuna kaunti anamoishi mtu, na kuna kaunti kilimo kipande. Ya kwanza ni sifa ya mtu, ya pili ni sifa ya ardhi.

Nani akae mezani?

Kutokana na haya, nina mapendekezo matatu kwa yeyote anayepanga sajili, iwe ya chama cha maziwa, ya karo au ya zahanati.

Kwanza, andika sentensi kamili za Kiswahili kuhusu shughuli yako kabla ya kuchora jedwali lolote. Sentensi yenye a-unganifu peke yake irudishwe iandikwe kwa kitenzi, na kitenzi kiwe na kauli na wakati ulio wazi.

Pili, zisome sentensi hizo mbele ya wale wanaosajiliwa, kwa lahaja yao. Wao ndio watakaokwambia kuwa kukodisha kwao si kukodisha kwako. Ni nafuu kurekebisha sentensi leo kuliko kurekebisha mistari elfu moja mwaka ujao.

Tatu, chukua watu wasiotoshea kwenye fomu, kwa mfano mjane, yatima, aliyekodi, asiye na simu, mwenye jina moja tu, kisha ujaribu kuwaandika kabla ya wengine. Mpango ukiwakataa, kasoro ni ya mpango. Tabia ya kumlazimisha mtu “atoshee” kwa kumwazima nambari ya jirani au jina la mumewe ndiyo huzaa data isiyoaminika.

Vyuo vyetu vikuu hufunza isimu katika jengo moja na sayansi ya kompyuta katika jengo jingine. Mwanafunzi wa isimu huhitimu bila kujua kuwa uchanganuzi wake wa nomino na vitenzi una soko, na mwenzake wa kompyuta huhitimu akidhani maneno ni mapambo ya juu ya data. Kufikia sasa, kikundi chetu kina majedwali manne, Watu, Vipande, Umiliki na Ulimaji, pamoja na orodha ya kata. Yule mama ana mstari wake kwenye Watu, na katika Ulimaji ameandikwa yeye kuwa mlimaji wa ekari moja na nusu, hata kama katika Umiliki kuna jina la mumewe. Mgao wa mbolea hufuata Ulimaji.